Jodari Asiyetulia

Jumatatu, 2 Machi
Kura za Mhudumu Bora zimeanza leo. Wageni wa jumba letu la samaki watapiga hadi Jumamosi, na mshindi picha yake inatundikwa mlangoni. Mwaka jana alishinda shemeji, kaka wa mke wangu, anayelisha kasa. Mama mkwe ana nakala ya picha ile sebuleni. Kila nikienda kumsalimia, shemeji ananikodolea macho kutoka ukutani. Mwaka huu basi!

Tatizo ni jodari wangu. Mrefu kuliko mimi, mgongo wa buluu iliyokolea, nguvu za ajabu, na hatulii! Wageni wanaelekeza simu, wanaambulia mkia. Kasa wa shemeji anajilaza mbele ya kioo kama mwenye nyumba.

Jumanne, 3 Machi
Nimemlisha ngisi ndoo nzima nikitumaini atalala. Mimi nikishiba hivyo, hunioni hadi jioni. Wapi! Kayakunja mapezi yake, yakaingia kwenye mifereji ya mwilini, akaongeza mwendo.

Daktari wa samaki akanikuta na ndoo tupu. Akasema jodari hasimami: asipokwenda mbele, maji hayapiti kwenye matamvua, na yasipopita hapumui. Nikamwambia nimeelewa, dokta. Nilikuwa nawaza kioo.

Jumatano, 4 Machi
Ndiyo, kioo! Kina mistari myeupe ya rangi kwa ndani, toka juu hadi chini. Inaharibu kila picha. Niliikuta nilipoanza kazi, sikuwahi kuuliza ni ya nini. Nimeshuka tangini na kikwaruzo, nimeitoa yote.

Shemeji akapita, akauliza kama daktari anajua. Wivu tu huo.

Alhamisi, 5 Machi
Nimeumbuka.

Asubuhi kioo kilikuwa safi mno, hata mimi nilikigonga kwa pua. Nikacheka. Mara jodari akaja kwa kasi yake yote, naye akakigonga. Mlio ule! Akazama kiubavu, akatulia. Ametulia kama nilivyotaka, nami nikapiga yowe kama nimefiwa.

Shemeji alirukia tangini na viatu vyake. Nikamfuata. Daktari akatupigia kelele kutoka juu kwamba tumsukume mbele, mdomo wazi, maji yapite. Basi tukamzungusha, shemeji kichwani, mimi mkiani, hadi mikono ikafa ganzi. Maji yalikuwa baridi lakini yeye alikuwa na joto mwilini, samaki mzima! Nikaogopa joto lile litaniishia mikononi. Nikamwomba asife. Kwa sauti, shemeji akisikia.

Mwishowe mkia ukanitandika kifuani, akaenda zake. Sijawahi kufurahia kipigo namna ile.

Kumbe mistari ilikuwa ya kumwonyesha kioo kilipo. Daktari alinieleza polepole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kufokewa. Mistari inapakwa upya.

Jumamosi, 7 Machi
Wageni walitupiga picha tukimsukuma, na picha imezagaa kila mahali. Shemeji ameshinda. Yeye anaonekana uso mzima akiwa amemkumbatia jodari. Mimi naonekana kiwiko. Mama mkwe ameagiza nakala kubwa zaidi. Nikampongeza shemeji kwa moyo mweupe. Kwa dakika kadhaa.

Jumapili, 8 Machi
Daktari ametubadilisha. Shemeji kapewa jodari, mimi kasa. Akasema kwa kasa hakuna cha kuharibu.

Ni kweli, mnyama mpole. Nimeshinda naye kutwa nzima, nimeona kasoro moja tu. Kila baada ya muda anakiacha kioo, anapanda juu na kutoa kichwa nje ya maji, pua wazi, wageni wanabaki kutazama miguu. Anafanya nini huko juu? Hana analolifanya! Shemeji alimdekeza.

Bwawa nimeshalipima. Kesho natandika wavu chini kidogo ya uso wa maji, asipande tena. Mwakani sebule ya mama mkwe itanitambua.