Chungu cha Mama Mkwe na Filimbi ya Tangi

Jumanne, 18 Oktoba 1983. Sikukuu ya Mtakatifu Luka.

Baridi! Asubuhi maji ya paka yameganda juu, na bakuli liko jikoni, si nje. Nimevunja barafu kwa kijiko. Ti-Blanc, paka wangu mweupe pee, amenitazama kama mpangaji aliyedanganywa na mwenye nyumba.

Daftari hili lilikuwa la marehemu mume wangu Armand, la kuandikia habari za tanuri la kupashia nyumba joto. Filta imebadilishwa lini, mafuta yameingia galoni ngapi, fundi kasema nini. Kurasa nyingi zimebaki tupu, na kutupa karatasi nzuri ni dhambi. Basi naandika humu. Asingekataa. (Angekataa. Lakini keshalala, Mungu amrehemu.)

Shida yenyewe ni mdomo wangu. Mtaani kwetu mtu mwenye heshima hawashi tanuri kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Anayewasha Oktoba huambiwa ana mwili wa siagi. Jumapili, mbele ya akina mama wote wa chama cha Mtakatifu Ana, wifi yangu Exilda akasema tangu kaka yake afe mimi nimekuwa laini. Nikamwambia mimi naweza kukaa baridi hata Krismasi. Akasema haya, tuwekeane dau. Tukawekeana. Atakayewasha kwanza, chungu ni cha mwenzake.

Chungu! Chungu cheusi cha mama mkwe, cha kupikia maharagwe ya karamu ya parokia. Alinikabidhi mimi, kwa mikono yake, siku aliyopakwa mafuta ya wagonjwa, na Exilda binti yake wa kumzaa kasimama palepale na kitambaa cha machozi. Miaka tisa napika mimi. Miaka tisa Exilda anaonja kijiko kimoja, anasema sukari ya molasi imezidi. Armand sina tena, mtoto sikujaliwa. Chungu kikienda, mimi nani katika ukoo huu?

Mwamuzi ni Bi Zelia, mwenyekiti wetu. Yeye anakaa kwa bintiye, ghorofani juu ya duka la mikate, joto la bure mwaka mzima. Ni rahisi kumhukumu mwenye baridi ukiwa umevaa blauzi.

Siku kumi na nne mpaka Watakatifu Wote. Bikira Maria alivumilia makubwa kuliko haya.

Alhamisi, 20 Oktoba

Hila ya kwanza, na ni halali kabisa: oveni ya jikoni si tanuri! Nimeoka mikate kumi na mmoja, mlango wa oveni wazi kati ya mkate na mkate. Raha. Nimevua kofia. Nimegawa mikate mtaa mzima. Exilda, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, kaniita kutoka ng'ambo ya barabara: wifi, unaoza mwari au umefungua duka? Nikamwambia ni sadaka.

Saa kumi unga ukaisha. Saa moja baridi ikarudi na nduguze.

Jioni rozari kanisani. Exilda hakuja tena. Goti. Tangu Septemba goti hilo linauma jioni tu, asubuhi linapona. Maskini, uzee huo. Nimeliombea goti lake kumi zima la rozari.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimelala na koti la Armand, kofia, na soksi tatu kila mguu. Nimeamka sihisi pua.

Wazo limenijia katikati ya sala, kwa hiyo sidhani ni dhambi kubwa. Misa ya asubuhi ni saa moja. Zelia yupo, Exilda yupo, mtaa mzima upo. Dakika arobaini hakuna jicho hata moja linaloangalia dohani yangu.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimekosa misa! Nimemtumia Exilda salamu kwamba nina mafua. Nikashuka chumba cha chini kwa Askofu.

Askofu ni tanuri letu. Armand alilipa jina hilo kwa sababu ni kubwa, linanguruma, na linakula vizuri. Nimefanya ishara ya msalaba nikiandika hivyo. Nikawasha. Likavuta pumzi, likakohoa, likawaka! Nikapanda mbio, nikasimama juu ya wavu wa sakafuni, pale joto linapotokea. Sketi ikajaa hewa kama kengele. Nimesali pale pale rozari nzima, kwa majuto na kwa furaha. Ti-Blanc kajilaza miguuni pangu. Saa moja na nusu nikazima.

Kesho naenda misa, ni Dominika, hiyo siichezei. Jumatatu mafua yatarudi.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mafua yamerudi. Joto tamu.

Mchana Exilda kaja na supu ya mgonjwa. Kavua viatu mlangoni kwa adabu zote, kisha kaenda moja kwa moja na soksi zake mpaka juu ya wavu. Kasimama hapo! Anaulizia afya yangu huku nyayo zake zinapeleleza. Lakini ilikuwa saa saba, na chuma kilishapoa kama kaburi. Akasema hajasikia hata kikohozi kimoja. Nikakohoa. Akasema, "Wifi, huyo ni mbuzi."

Supu ilikuwa nzuri. Humu lazima niseme kweli.

Jumatano, 26 Oktoba

Balaa. Nimekutana na Lucien, dereva wa lori la mafuta na fundi wa matanuri, akaniambia Jumamosi anajaza matangi ya mtaa mzima, mara ya kwanza tangu Agosti.

Filimbi! Nimesahau filimbi! Lucien akimimina mafuta, hewa inatoka kwenye tangi kwa bomba la pembeni, na ndani ya bomba kuna filimbi. Inalia mpaka tangi lijae, ndipo inanyamaza. Mtaa mzima unasikiliza filimbi za wenzao. Armand alikuwa anazipima kwa Salamu Maria. Tangi lililojaa halifiki hata Salamu ya kwanza, ni "Kwa jina la Baba" tu na kimya. Mimi nimewasha siku nne. Nitalia Salamu mbili, labda tatu. Zelia atahesabu. Zelia huhesabu kila kitu.

Lucien akanisihi pia anisafishie tanuri, maana halijaguswa tangu msiba. Nikakataa katakata. Gari lake la ufundi mlangoni pangu kabla ya Watakatifu Wote? Si bora nijitangaze mwenyewe mimbarini! Akatikisa kichwa. Akasema, "Dada Delima, tanuri ni kama mume. Usipolitunza, litakuja kukuaibisha mbele za watu." Nikamwambia mume nilishakuwa naye, ahsante.

Alhamisi, 27 Oktoba

Nimepata! Tangi linatakiwa lijae. Hakuna aliyesema lijae nini.

Maji na mafuta havichanganyiki, hata mtoto wa kipaimara anajua. Basi maji yatakaa juu kwa adabu, mafuta yatabaki chini yakiendelea na kazi zake, na Jumamosi filimbi italia kidogo tu. Nimemimina ndoo tatu kwa faneli, nyuma ya kichaka, watu wakiwa misani. Mikono imekufa ganzi. Nimejiona Daudi mbele ya Goliathi.

Ijumaa, 28 Oktoba. Watakatifu Simoni na Yuda.

Naandika kwa penseli kwa sababu kalamu haionekani. Hakuna kinachoonekana.

Ni maji ndiyo yanayokaa chini, na chini ndiko Askofu anakonyonya. Nimejua leo, na umri huu.

Saa moja na robo nimewasha. Askofu kavuta pumzi, kakohoa, kanyamaza. Ubavuni lina kitufe chekundu cha kuliamsha, na juu yake Armand alibandika karatasi kwa mkono wake: BONYEZA MARA MOJA TU. LIKIKATAA, ITA FUNDI. Armand alikuwa mtu wa kuvaa mkanda na kanda za mabega kwa suruali moja. Nikabonyeza. Likanguruma, likazima. Nikabonyeza tena. Nikaona nimalize saba, kwa heshima ya Mateso Saba ya Mama Maria.

Kumbe kila nikibonyeza, mafuta yananyunyiziwa tumboni mwake bila moto. Yanakusanyika. Yananisubiri.

Katika teso la saba likawaka.

BUUU! Mlango wa tanuri ukafunguka wenyewe. Bomba likaruka. Nikaanguka juu ya gunia la viazi. Masizi yakapanda kwa kila tundu la nyumba hii: mapazia, vitanda, picha ya harusi, sanamu ya Mtakatifu Ana, unga. Na juu ya dohani likatoka wingu jeusi, wanasema lilionekana mpaka ng'ambo ya mto. Watu walikuwa wanatoka misani saa hiyo hiyo.

Wa kwanza kuingia alikuwa Exilda. Hakuvua viatu. Kashuka ngazi mbili mbili, kanikamata mabega, ananitikisa na kulia: "Delima! Delima! Usife, mjinga wewe, nitagombana na nani mimi?" Nikafungua macho. Akanibusu, akawa mweusi mdomo. Halafu akalitazama tanuri. Akanitazama mimi. Uso ukambadilika polepole, kama mtu anayefungua zawadi.

Ti-Blanc amepita mlangoni. Zelia akauliza huyu paka mweusi ni wa nani.

Jumamosi, 29 Oktoba

Wamekuja wote na ndoo na sabuni. Mungu awabariki. Wananicheka huku wanasugua.

Lucien akamwaga maji ya tangi. Akapanda na chupa mkononi, akaonyesha watu wote, akaniuliza kama na samaki nilikuwa nafuga. Akanikalisha chini akanifundisha kama mtoto: filta kila mwaka, kitufe mara moja, na lile bomba la hewa nje lisizibwe kamwe hata na jani, maana ndilo pua ya tangi. Likizibwa wakati wa kujaza, tangi linapasuka. Nikaitikia kila kitu.

Kisha nimefanya lililobaki. Nimeosha chungu. Nimevuka nacho barabara, akina mama wakinifuata kama mazishi. Exilda akakipokea kwa mikono miwili. Akasema neno moja tu: "Mama." Nikamwonea huruma, nikasema moyoni, acha kikae kwa damu yake.

Na hapo Lucien akaanza kuvuta mpira wa lori kuelekea tangi la Exilda.

Exilda akatoka mbio. Goti hata halikukumbuka kuuma! Akamwambia lake limejaa, hana haja, aende nyumba inayofuata. Lucien akasema ratiba ni ratiba, Mama Exilda. Akafunga mpira. Filimbi ikaanza.

Zelia kasimama na kitambaa cha sabuni kinadondoka. Midomo yote inacheza, tunahesabu. Salamu ya pili. Ya tatu. Ya nne, Exilda akaanza kukohoa kwa nguvu aifunike. Nikamwambia, "Wifi, huyo ni mbuzi." Ya sita. Ya tisa. Ya kumi! Filimbi ikanyamaza, na Lucien, mtu asiye na hila, akapaza sauti: "Galoni mia na ishirini! Jamani, karibu ulale na baridi!"

Nikasema kwa sauti: "Atukuzwe Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu." Akina mama wote, kwa mazoea, wakajibu: "Kama mwanzo, na sasa, na siku zote."

Tangu Septemba! Kila jioni, mimi niko rozarini naliombea goti lake, yeye kajikunja juu ya wavu wake, na giza linaficha moshi. Maombi yangu yalikuwa yanapasha miguu joto!

Zelia akachukua chungu mikononi mwa Exilda, akakifunika na aproni. Akasema wote wawili tumeshindwa. Karamu atapika yeye.

Jumapili, 6 Novemba

Jana ilikuwa karamu. Maharagwe ya Zelia ni magumu kama punje za rozari, na hayana ladha hata ya chumvi. Watu wakala mkate. Exilda alikaa karibu yangu, mara ya kwanza tangu mama mkwe afe. Akaonja kijiko kimoja, akaninong'oneza kwamba molasi haitoshi. Nilitaka kumkumbatia.

Nadhani Zelia mwenyewe alionja. Akasimama akatangaza: Lucien anakuja tena Jumamosi, halafu mpaka Februari mara kwa mara. Sisi wawili, yule ambaye filimbi zake zitalia muda mfupi zaidi mpaka Sikukuu ya Mishumaa ndiye mwenye chungu. Tumeshikana mikono na Exilda mbele ya Padri Cormier, tukaapa hakuna hila. Padri akauliza kama tungependa kuungama sasa hivi au baada ya kahawa.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimekuwa mtu mpya. Askofu ni msafi, nalitumia kwa kiasi, asubuhi na jioni tu. Na mchana kidogo. Na Ti-Blanc akipiga chafya.

Leo nimezunguka nyuma ya nyumba kulitazama bomba la hewa. Kulitazama tu. Armand aliandika habari zake humu, ukurasa wa nne, kwa wino mwekundu, na mistari miwili chini: LISIZIBWE. Lakini Armand, na Lucien pia, wanasema kuziba. Mimi sizibi. Mimi nalainisha sauti. Soksi moja ya kijivu, ya sufu, ya Armand mwenyewe, kwa hiyo ni kama kaibariki. Imeingia vizuri kabisa.

Kisha nimempelekea Exilda supu, maana ana mafua. Nimepita upande wa nyuma, kwa ajili ya hewa safi. Kwenye bomba la tangi lake kuna uzi wa sufu nyekundu unaning'inia.

Mwanamke hana haya! Aliapa mbele ya padri!

Nimerudi mbio na supu yangu. Nimepekua kabati mpaka chini. Soksi za Armand za kuvulia samaki kwenye barafu bado zipo, na hizo ni nene zaidi.