Bakteria wa Mama Kunegunda

Alhamisi, 6 Januari 1994

Soya yangu imegeuka njano. Yote! Bibi shamba Leticia amepanda hadi huku Matogoro, amechimbua mashina matano. Mizizi mitupu. Anasema ilipaswa kuwa na vinundu, na ndani yake bakteria wanaoulisha mmea. Bakteria hao wamevaa aina ya sukari mwilini. Mzizi ukiitambua, unawafungulia mlango. Udongo wangu hauna hata mmoja. Ataagiza pakiti yao, nisubiri.

Kusubiri! Mke wangu Fortunata amesikia. Shamba ni la marehemu baba yake. Soya ikishindwa tena, atalima kaka yake, Otto. Na mimi, tangu nipunguzwe kazi, sina kingine cha kujivunia.

Jumapili, 9 Januari

Maharage ya jirani, Mama Kunegunda, yamekoza kijani. Bila shaka bakteria anao tele! Nikasingizia tumbo. Fortunata akaniachia uji, akaahidi kuniombea. Watu wakiwa Misani, nimechota udongo wake ndoo nne, nikamwaga kwenye soya.

Jumatatu, 10 Januari

Mama Kunegunda kabisha hodi. Kauliza kama nimeona nguruwe akifukua maharage yake. Nimemwona, nikasema. Wa rangi gani? Mweusi. Mungu wangu! Mwenye nguruwe mweusi huku ni Otto peke yake.

Jumanne, 11 Januari

Shemeji Otto amefoka. Nguruwe wake hajatoka bandani tangu Krismasi. Anataka kujua ni nguruwe gani anayevaa raba. Raba nimezificha darini.

Jumatano, 2 Februari

Bado njano. Leticia amechimbua tena: mitupu. Nikamnong'oneza habari ya udongo. Akacheka hadi akakaa chini. Sukari ya bakteria wale wa maharage ni nyingine, anasema; mzizi wa soya hauijui, hauwafungulii. Nikageuka. Fortunata alikuwa nyuma yangu.

“Baba Violeth,” akasema taratibu, “nililiombea tumbo lako.”

Afadhali angenipiga.

Jumapili, 6 Februari

Nimeomba radhi mbele ya jumuiya nzima. Mama Kunegunda kasamehe. Otto kapewa shamba. Mimi nimebakiziwa matuta matatu.

Jumanne, 8 Februari

Pakiti imefika! Leticia ameagiza niwachanganye na maji baridi yenye sukari kidogo, ili wanate kwenye mbegu. Ni viumbe hai, anasema, joto linawaua.

Kidogo? Baridi? Sukari haiyeyuki vizuri hivyo! Nimemimina kilo nzima sufuriani, nikachemsha, nikawatia humo humo. Wananukia vizuri sana. Otto atakoma!