Magonjwa Kumi na Moja Yanayokubalika

Kuanzia Jumatatu, alitangaza Mkurugenzi wa Mafunzo ya Afya, wananchi wote wa kata watapewa semina ya siku tatu ya kuugua ipasavyo.

Muuguzi wa zahanati aliisoma barua ya tangazo hilo, akapangusa miwani, akaisoma tena. Yeye alikuwa ameomba jambo dogo tu. Siku hizi watu wanakuja na kisukari, na chuoni alifundishwa magonjwa kumi na moja, kisukari hakimo. Aliandika barua kuomba mafunzo ya wiki mbili. Wala si kwa kutafuta cheo: shangazi yake, aliyemlea, alishakatwa kidole cha mguu, na kidonda kingine kilikuwa kinaanza.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe, tai shingoni, soda mkononi. Kumfundisha muuguzi, alieleza, ni mchakato: kuna mtaala, kuna kamati ya mtaala, na kuna kamati ya kuteua kamati. Mwananchi hufundishika papo hapo. Mahitaji ya jamii yamebadilika? Basi yarudishwe yalipokuwa. Akabandika ukutani orodha ya magonjwa kumi na moja. Kile kipimo cha sukari alichojinunulia muuguzi akakifungia kwenye buti la gari lake, kwa kuwa mtumiaji hakuwa na cheti.

Semina ilifana, si mchezo. Watu walifundishwa kutetemeka kwa malaria na kukohoa kwa mpangilio. Aliyetaja kiu isiyoisha aliombwa atoke nje akajitafakari. Shangazi, na kidonda chake ndani ya kandambili, akaibuka wa kwanza, akakabidhiwa cheti. Muuguzi alipiga makofi huku roho inamuuma.

Kilichoharibika ni hotuba ya kufunga. Mkurugenzi alifungua soda ya nne, akafika penye "wadau wote kwa ujumla", miguu ikaishiwa nguvu. Wakamlaza kwenye benchi. Midomo imemkauka, macho yana ukungu, anaomba maji, tena maji.

"Nipimeni sukari," alinong'ona. "Hata marehemu baba alikuwa nayo."

Muuguzi akamweleza kwa adabu kwamba mtumiaji hana cheti. Mwenye cheti humu ndani, na alama za juu, ni shangazi.

Shangazi akachechemea hadi benchini, akaazima miwani ya muuguzi, akanyoosha kidole kwenye orodha.

"Chagua, mwanangu. Yapo kumi na moja. Minyoo ni mizuri, haina foleni."

Mkurugenzi akatoa funguo za gari. Shangazi hakuzipokea. Alimtazama muuguzi, na muuguzi akaleta ile barua yake ya kuomba mafunzo, pamoja na kalamu.

Ilisainiwa mtu akiwa amelala chali, bila kamati hata moja. Kipimo kikatolewa kwenye buti, kikafutwa vumbi. Mkurugenzi akanyoosha kidole mapema, kama mwanafunzi mwenye jibu.

Muuguzi alianza na kidole cha shangazi. Yeye ndiye aliyetangulia kwenye foleni, tangu mwaka juzi.