Nilivyompendesha Paskalina Kusoma

Jumamosi, 5 Juni 1954. Songwa.

Likizo nimeianza jana na leo tayari nimekasirika. Baba anasema mdogo wangu Paskalina, mwenye miaka saba, hana haja ya shule. Akionyeshwa kitabu anakimbilia kwa mbuzi. Shangazi Generosa wa Masumbwe anatafuta mtoto wa kumbebea kichanga chake, basi Paskalina ataenda. Mbele ya Baba sauti huwa hainitoki. Leo ilitoka, nyembamba kama ya kifaranga. Niliomba muda. Baba alifikiri, akasema Jumapili ya tarehe 13 atamwekea kitabu mbele yake. Akikishika mwenyewe kwa kutaka, Januari ataanza darasa la kwanza. Akilia, Masumbwe.

Siku nane! Atapenda kusoma, apende asipende.

Jumapili, 6 Juni

Tumeanza baada ya misa. Mkeka, mgongo wima, mikono magotini, hakuna kucheka. Kitabu ni cha hadithi za wanyama. Kaniazima Mwalimu Bartholomeo, na akaandika ndani ya jalada kwamba kikichafuka ataniuliza mimi. Kwa hiyo nilikishika mwenyewe, kwa mbali, Paskalina akawa anasema ba be bi bo bu. Mara arobaini. Mara ya kumi na mbili aliuliza wanyama wako wapi. Nilimjibu wanyama huja baada ya silabi zote, pengine mwezi wa Septemba. Akaangua kilio. Mama yetu, Mayu, akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akauliza mwanawe nimemfanya nini.

Nimemfanya nini! Ninamwokoa!

Jumatatu, 7 Juni

Mbinu mpya: silabi moja, karanga moja. Mwanzoni nilifurahi mno. Alisoma ukurasa mzima bila kusita. Kisha nikaona amefumba macho. Watoto wa jirani wakasikia habari, wakaja nao wakapiga kelele ba be bi bo bu, viganja wamevinyoosha. Hata mmoja hakutazama kitabu! Karanga zimekwisha. Kumbe ndizo Mayu alizoweka za mbegu. Amesema maneno ambayo sitayaandika.

Jumanne, 8 Juni

Kitabu kilipotea asubuhi. Nilipekua nyumba nzima. Nimekikuta chini ya kuku anayeatamia! Paskalina alikiri bila aibu. Alisema kuku ana siku nyingi za kukaa tu, nimfundishe huyo. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuna aliyeuliza hali ya kitabu.

Nimekata kijiti cha mkwaju. Kosa moja, kidole kimoja. Kufika saa sita Paskalina aliapa kwamba hatashika kitabu maisha yake yote, na kwamba kichanga cha Shangazi angalau kinacheka.

Hilo limeniuma. Nimeongeza silabi.

Jumatano, 9 Juni

Akida! Kwa hasira nimetoboa karatasi kwa kalamu.

Akida ni mtoto wa Mzee Abdu, fundi cherehani. Tuko naye darasa la saba. Mimi ni wa pili, yeye ni wa tatu kutoka mwisho. Kwao ni Wazigua, na Wazigua ni watani wetu sisi Wasukuma tangu mababu walipokuwa wakienda pwani na mizigo. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kitu chako, unacheka, halafu unakikomboa. Ndivyo ilivyo.

Aliingia uani, akampa Mayu shikamoo ya adabu, kisha akanigeukia. "We mtumwa wangu, mtoto unamchapa kwa ajili ya makaratasi? Lete hapa!" Akatwaa kitabu. Akasema kukikomboa ni jogoo, tena awe mnene, asifanane nami.

Watu wote walicheka. Nami ilinipasa kucheka. Badala yake nilimwita mwizi, nikamrushia kibao changu cha kuandikia. Kilimkosa. Kikapasua mtungi wa Mayu.

Kumkasirikia mtani! Mayu alijifunika uso kwa khanga. Baba aliporudi kutoka kazini mgodini alisema nimewaaibisha hadi marehemu. Kesho nimpeleke jogoo mimi mwenyewe. Tena si wa kukomboa kitabu. Ni wa kuomba radhi! Kitabu kikae huko mpaka Akida aridhike.

Alhamisi, 10 Juni

Nimepita barabarani na jogoo kwapani, anawika kila hatua, ili asiwepo mtu wa kukosa kuniona.

Idi ilipita wiki jana, Mzee Abdu hana nguo za kushona, na baraza yake imejaa watoto. Katikati Akida amelala kifudifudi. Kitabu kiko sakafuni, vichwa kumi vimekiinamia. Paskalina yuko mbele kabisa! Vidole vichafu juu ya kurasa! Na wanacheka!

Nilisikiliza. Ilikuwa hadithi ya Fisi aliyejifunga mkia kwenye mguu wa ng'ombe ili asimpoteze. Lakini kila palipoandikwa Fisi, Akida anasoma Thobias, jina langu. Thobias akafunga fundo. Thobias akaburutwa kwenye miiba. Thobias akalia mayu, mayu! Ilipofika panaponoga akafunga kitabu, akasema mengine kesho. Watoto wakamshika miguu wakimsihi.

Nilitaka kumwambia kwamba anasoma kama mtu aliyelewa. Badala yake nikacheka ha ha kama desturi inavyotaka, nikampa jogoo. Jogoo akanidonoa.

Ijumaa, 11 Juni

Paskalina amenijia akiwa amenuna. Aliuliza ni kweli jina langu limo kitabuni. Nikasema ni uongo. Akasema Akida anaapa limo, tena mara nyingi. Akataka kujua Thobias huandikwaje, na Fisi huandikwaje. Nilimwambia asiruke silabi, huko tutafika kwa utaratibu. Akasonya! Akaniacha mkekani peke yangu.

Nasikia alikwenda kwa Mzee Abdu, naye akamchorea maneno yote mawili kwenye ubao wa kukatia nguo kwa chaki ya kushonea. Mtoto ameshinda hapo akiyafuatisha kwa kidole. Chaki ya fundi! Hiyo ni ya suruali!

Jumamosi, 12 Juni

Nilijificha nyuma ya ukuta wa fundi. Akida alikuwa anasoma. Mara Paskalina akampiga kofi mkononi. "Hapa hakuna Thobias! Hii ni fi, hii ni si. Fisi! Unamsingizia kaka yangu!" Watoto wakasukumana kutazama. Akashuka ukurasa mzima, na kila Fisi aliyemkuta alimgonga kwa kidole. Kisha akakikumbatia kitabu, akasema anakwenda nacho kukagua hadithi zilizobaki. Akida akacheka, akamwachia. Hana hata haya.

Amekula ugali kitabu kikiwa pajani. Mlenda kwenye ukurasa wa tisa! Nitamwambia nini Mwalimu Bartholomeo?

Jumapili, 13 Juni

Baba hakuweza kumwekea Paskalina kitabu mbele yake. Hakikuwapo. Alikuwa amekwenda nacho machungani tangu alfajiri. Baba alimfuata, akakaa huko muda mrefu, akarudi peke yake. Akasema Shangazi atafute mtoto mwingine. Januari, shule!

Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo kwa furaha. Mbinu yangu imefaulu. Silabi mara arobaini, mgongo wima, kijiti. Nilimweleza Baba kwamba ingefaulu mapema zaidi kama Akida asingeivuruga. Baba alinitazama sana, akaomba maji ya kunywa. Nimeona pia nisipoteze likizo. Kesho naanza na Melania wa jirani. Ana miaka minne, ameshachelewa.

Paskalina aliporudi nilimpokonya kitabu, nikakifuta, nikakifunga kwa kitambaa, nikakiweka juu darini asikofika. Atakipata akimaliza silabi. Analia tangu saa nane, amekaa chini ya dari anatazama juu, hataki kula.

Hasira tupu! Sijui watoto wa siku hizi wana nini hata hawapendi kusoma.