Kijisanduku cha Kupimia Moyo

Habibu alipowaona wachuuzi wa ng'ombe wa Kabanga wakitafuna nyama ya mafuta tangu asubuhi, alijua riziki imemfuata. Juzi tu redio ilieleza jinsi mafuta yanavyoganda ndani ya mishipa ya moyo, na sasa kila mwenye kitambi alikuwa akijipapasa kifua.

Akapanda kilima hadi kilabu cha pombe ya ndizi cha Mama Clotilda, akipumzika mara tatu njiani. Kijisanduku chake kilikuwa rahisi: unakamata vishikio, taa nyekundu inawaka, mshipa umeziba. Taa ya kijani ilikufa zamani, naye hakuona sababu ya kuitengeneza. Dawa ya kuyeyusha mafuta alikuwa nayo pia, chupa kumi na mbili za tangawizi iliyotiwa rangi.

"Shikamoo, mama. Kamata hapa nikuokoe."

"Marahaba. Ila kwetu, mwanangu, anayekaribisha kinywaji huonja kwanza yeye. Na hicho chombo vilevile. Anza."

Wanywaji wakamuunga mkono. Habibu akameza, akakamata. Taa ikawaka nyekundu kama pilipili, kilabu kizima kikaangua kicheko.

"Huo ni ugonjwa wa zamani," akasema Habibu bila kupepesa macho. "Mashine ina kumbukumbu nzuri."

Clotilda hakucheka. Kabla ya pombe alikuwa muuguzi miaka ishirini, na alikuwa amemwona akifika juu anatokwa jasho, mkono kifuani. Akamwahidi kununua chupa zote, papo hapo, daktari akiandika kwamba moyo wa Habibu ni mzima. Habibu akaona mbali: cheti cha daktari kingeuza dawa mpaka Biharamulo. Akaacha chupa na kijisanduku kilabuni, akaenda hospitali akipiga mluzi.

Wakampima umeme wa moyo, mluzi ukakatika. Wakamkimbiza hospitali kubwa, wakapitisha mrija mwembamba mkononi hadi moyoni, wakakuta mshipa umebaki na upenyo wa sindano. Wakautanua, wakauwekea kijibomba cha waya kisiuache uzibe tena.

Baada ya mwezi alirudi na vidonge vya kila siku. Alipanda kilima bila kusimama, akiwa na hasira tele. Kijisanduku hakikuwapo: Clotilda alikwisha kumuuzia fundi redio, akalipia nauli ya Habibu ya kwenda hospitali kubwa. Na hela za kununua chupa kumi na mbili, mama huyo hakuwahi kuwa nazo maishani.

"Umenitapeli, mama," akasema Habibu mbele ya wanywaji wote. "Niombe radhi."

"Nimekutapeli, ndiyo," akasema Clotilda. "Radhi siombi, leo wala kesho."