Kamati ya Vitu vya Lazima

Kwa heshima na taadhima napenda kuutangazia umma kwamba Mpango Kabambe wa Umeme wa Akiba kwa Wafanyabiashara umefanikiwa kupita matarajio. Nalisema hili mapema kwa sababu yapo maneno ya mitaani yanayosambazwa na watu wasio na kazi, hasa yale ya vifaranga. Mimi ndiye Katibu wa Kamati. Nilikuwepo, niliona, na viatu vyangu vilichafuka. Kwa hiyo nisikilizwe mimi.

Kwanza ieleweke kwamba umeme wetu haukatiki. Shirika la umeme limelisema hilo mara nyingi, wakati mwingine kwa kipaza sauti cha betri. Umeme wetu hupumzika, kama anavyopumzika mtu yeyote mwenye kazi nyingi. Wafanyabiashara wa mtaa wa viwanda vidogo, watu wa kulalama tangu enzi na enzi, walikuja ofisini wakitaka wafungiwe paneli za sola na betri, ili umeme ukipumzika wao wasipumzike. Serikali sikivu ikaleta paneli, ikaleta betri, ikaleta na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vitu. Vilipofika ndipo Mkurugenzi alipoiona hatari ambayo sisi wengine hatukuiona: vifaa vile vikienda moja kwa moja kwa wafanyabiashara, vitatumika.

Akaamua tuanze na mradi wa majaribio. Majaribio hufanywa mahali penye uangalizi wa karibu, na Mkurugenzi hakuona mahali pa karibu naye kuliko ofisini kwake. Paneli zote zikapandishwa kwenye paa letu, betri zikapangwa nyuma ya kiti chake, na juu ya paa, mbele ya paneli, likasimikwa bango kubwa lenye picha yake akitabasamu, chini yake maneno JUA NI LETU SOTE. Bango lilikuwa refu. Kuanzia asubuhi hadi baada ya adhuhuri kivuli cha kichwa chake kilizilalia paneli, zikabaki za pembeni tu zikiota jua. Fundi aliuliza kama bango lingeweza kusogezwa. Mkurugenzi akauliza kama fundi angeweza kusogezwa. Fundi akakusanya bisibisi zake, akasema betri zitakuwa zinajaa nusu, akashuka ngazi.

Nusu betri si haba, ila haiwashi kila kitu, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia. Mtu akipanga umeme wa akiba, la kwanza ni kuamua kipi kibaki kikiwaka na kipi kizimwe. Mtu wa kawaida huamua hilo kwa kukuna kichwa. Sisi tuliunda Kamati ya Vitu vya Lazima, Mwenyekiti akiwa Mkurugenzi, Katibu mimi, na wajumbe ni wale ambao hawakuwa na kikao kingine siku hiyo. Kanuni niliiandika mwenyewe, na mpaka leo nikiisoma machozi ya fahari hunilengalenga. Ilisema kwamba kitu cha lazima ni kile ambacho kikizimwa, kuna kinachoharibika. Kikizimwa na kisiharibike chochote, basi hakikuwa cha lazima, na siku nyingine kizimwe kwanza.

Kiyoyozi cha Mkurugenzi kilipita bila kupingwa, maana kikizimwa huharibika hadhi. Birika lake la umeme likapita. Skrini kubwa ya ukutani ikapita. Taa za bango zilipita kwa makofi.

Kwa wafanyabiashara tulikuwa waangalifu zaidi. Tuliamua kutoamini maneno matupu: mwombaji alete kitu chenyewe mbele ya Kamati, kikiwa kinafanya kazi, kiwe kielelezo. Kinyozi akaleta mashine yake, wajumbe wakanyolewa wote, kisha tukamkatalia. Mwenye mashine ya kusaga alipouliza ataibebaje, tuliona wazi kwamba si mtu wa ushirikiano. Mwoka mikate alishindwa kuleta tanuri, ombi lake likafungwa kwa sababu ya utoro. Na ili asitokee mtu wa kuhujumu ushahidi, nikaongeza kifungu kidogo pale mwishoni: kielelezo kikishapokelewa, hakitazimwa na mtu yeyote wa cheo chochote mpaka Kamati ikae na kuamua. Mkurugenzi alitia sahihi bila kusoma, kama ilivyo kawaida ya viongozi wenye imani na watendaji wao.

Sasa nifike kwa shangazi yangu.

Shangazi anatotolesha vifaranga, na mtaa wote wa viwanda unamwita Mama Vifaranga. Mimi nimesomeshwa na kuku. Ada, sare, viatu, hata tai niliyoivalia usaili wa kazi hii, vyote kuna wakati vilikuwa na mabawa. Mashine yake hukaa na mayai wiki tatu, na katika wiki tatu hizo haitaki utani. Joto likiondoka kwa muda mrefu, mayai ni ya kutupa. Umeme ulikuwa umeshapumzika mara mbili, na mikupuo miwili ya mayai ikaenda jalalani. Uliokuwa ndani ulikuwa wa mwisho aliokuwa na uwezo nao. Ukiharibika na huo, aliniambia, anaiuza mashine na kurudi kufua nguo za watu, kazi ambayo mgongo wake bado unaikumbuka.

Kwa kuwa ni ndugu yangu, niliepuka upendeleo kwa kumsumbua kidogo zaidi ya wengine. Mara ya kwanza nilimrudisha kwa kukosa picha. Mara ya pili nilimrudisha kwa kuwa picha ilikuwa yake na si ya mayai. Mara ya tatu alikuja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni ilikuwapo mashine yenyewe, imeviringishwa mablanketi na kuunganishwa na betri ya gari iliyokuwa ikikata roho.

"Mlisema kiletwe kikiwa kinafanya kazi," alisema. "Kinafanya kazi. Nionyeshe soketi, mwanangu, mayai yasipoe."

Nilimweleza kwamba siku hiyo haikuwezekana kabisa. Mheshimiwa Waziri alikuwa njiani kuja kuzindua mradi, na Kamati haikuwa imepanga kupokea vielelezo. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama zamani nikikataa kuoga, na mkono wake mmoja ulikuwa umelalia blanketi kana kwamba ndani mna mtoto mwenye homa. Nilimhurumia, na nalisema hilo wazi ingawa huruma haimo kwenye kanuni. Nikagonga muhuri wa kupokelewa. Soketi zenye umeme wa akiba zilikuwa chumba kimoja tu jengo zima, ofisini kwa Mkurugenzi. Basi mashine ikaingizwa humo, ikawekwa kati ya birika na skrini.

Mkurugenzi alikuwa mbele ya kioo akilifanyia mazoezi tabasamu la bango. Aliuliza hilo sanduku la nini. Nikasema ni kielelezo, na huyu mama ni mnufaika. Neno mnufaika lilimlainisha, maana Mawaziri hupenda kumkuta mmoja. Akamwambia shangazi asimame kando, atabasamu, na asiseme kitu.

Waziri aliwasili na Meneja wa shirika la umeme, wapiga picha, na watu wale ambao huwapo tu kila Waziri alipo. Ofisi ikajaa. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari ili ubaridi wa kiyoyozi usitoroke. Mkurugenzi akaanza kusoma takwimu kwenye skrini, na alipofika kwenye sentensi isemayo kwamba katika eneo lake umeme haujawahi kukatika hata siku moja, taa za korido zilizimika. Ghorofa ya chini mtu akaguna. Ofisini mwetu inveta ikapokea, vitu vikaendelea kuwaka, na kwa dakika chache Mkurugenzi akafanana kabisa na bango lake.

Kisha inveta ikaanza kulia, ti, ti, ti.

"Umeme umekatika?" Waziri akauliza.

Mkurugenzi akamtazama Meneja wa shirika. Meneja akatazama dari.

"Upo, Mheshimiwa," Mkurugenzi akasema.

"Na hicho kinacholia?"

"Ni mlio wa mafanikio, Mheshimiwa."

Akanisogelea sikioni, akaniagiza nichomoe lile sanduku la mayai upesi. Nikamnong'oneza kifungu cha mwisho: kielelezo hakizimwi mpaka Kamati ikae. Akasema basi Kamati ikae hapo hapo, wajumbe si wamo? Nikamnong'oneza tena kwamba Kamati hukaa kuamua kipi kizimwe pale umeme unapokatika, kwa hiyo ikikaa, itabidi itamke kwamba umekatika, tena mbele ya Waziri na Meneja wa shirika. Mkurugenzi akafikiri. Nilimwona kwa macho yangu akifikiri, na si jambo ninalotarajia kuliona tena.

Alinyoosha mkono akazima birika, akawaeleza wageni kwamba siku hizi chai haimpendi. Inveta ikaendelea kulia. Akaagiza zizimwe taa za bango, ambazo zilikuwa zimewashwa jua likiwa utosini ili Waziri azione. Bado ikalia. Akazima skrini, akasema takwimu anazo kichwani. Kikabaki kiyoyozi na mashine ya shangazi. Mkurugenzi alishika rimoti ya kiyoyozi.

Shangazi, aliyeambiwa asiseme kitu, alikuwa amefunua blanketi na kuweka sikio kwenye kioo cha mashine.

"Mheshimiwa," akasema, "wameanza kugonga."

"Nani wameanza kugonga?" Waziri akauliza.

"Vifaranga. Wanagonga ganda watoke. Joto likikatika sasa, wanafia mlangoni."

Waziri akapenya katikati ya watu, akainama pale kwenye kioo, akasikiliza. Aliponyanyuka aliuliza Katibu ni nani, nami nikasogea. Akataka nisome kanuni. Niliisoma yote, kwa sauti ya mtu anayesoma kazi yake nzuri.

"Hiki kiyoyozi kikizimwa, kinaharibika nini?"

"Hadhi, Mheshimiwa."

"Ya nani?"

Swali hilo halikuwa na kifungu. Chumba kizima kikamgeukia Mkurugenzi, naye akabonyeza rimoti. Inveta ikanyamaza papo hapo, na joto likaingia. Tulilowa jasho, suti na wavaaji wake, tukiwa tumezunguka taa moja ndogo ya mashine, na hakuna aliyethubutu kutoka kwa kuwa Waziri hakutoka. Kifaranga wa kwanza alipotoa kichwa, mpiga picha mmoja akataka kufungua kifuniko amshike. Shangazi akampiga kofi mkononi. Alimwambia bado ni mbichi, akauke kwanza. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Na mimi yalinitoka, nikasingizia jasho.

Waziri aliaga akiwa ameloa. Mlangoni alimshika Mkurugenzi bega, akamwambia kwa upole kwamba anaonekana amechoka. "Na wewe upumzike kidogo," akasema. "Kama umeme."

Akapumzishwa wiki tatu. Siku ya pili yake, fundi akapanda paani, na bango likasogezwa hatimaye. Betri zikajaa. Ikabidi paneli na betri zihamishiwe mtaa wa viwanda, maana Waziri aliuliza kwa simu kama zimeshahamishwa na mimi nikajibu ndiyo. Mwoka mikate anaoka, mwenye mashine ya kusaga anasaga, na shangazi amepokea mayai mapya, nusu yake ya majirani. Bango tulimpa yeye. Ameliegemeza kwenye banda kuzuia upepo, na vifaranga hulidonoa meno mchana kutwa.

Wiki tatu zilipokwisha Mkurugenzi aliandika kuomba arudi kazini. Kamati ilimpokea kwa heshima zote. Tulimwambia kwamba utaratibu ni uleule aliouwekea sahihi, kwamba hatuamini maneno matupu, na kwamba aje na kielelezo cha kitu kilichoharibika alipokuwa amezimwa. Alikwenda kukitafuta. Amewauliza madereva, amewauliza wahudumu, juzi alionekana akimuuliza kinyozi. Bado anatafuta.

Huo ndio ukweli wa Mpango, na mwenye kusema vingine aje ofisini. Nipo kila siku. Shangazi anasema nimekonda, nichukue likizo nikapumzike japo wiki moja. Ananipenda, ndiyo maana anasema hivyo. Lakini kanuni niliiandika mimi, naijua, na sithubutu kuondoka hata siku moja.