Mkurugenzi wa Jumamosi

Ijumaa, 3 Machi 2006

Nimejiuzulu! Miaka minne ya kuandika programu katika ajensi ya matangazo, ghorofa ya nne katikati ya jiji, imekwisha leo saa tisa alasiri. Barua yangu ilikuwa na kurasa tatu. Madam Debra, mkubwa wetu, alisoma ule wa kwanza akauliza kama kuna jambo la maana kwenye hizo mbili. Wivu mtupu.

Wakanikatia keki. Zawadi: saa ya ukutani. Kila anayeondoka pale hupewa saa ya ukutani, hata aliyefukuzwa. Nikaiacha kabatini makusudi, wajue mimi si mtu wa saa. Nashon, tuliyeketi meza moja miaka yote, alikalia kiti changu na kukishusha kabla keki haijaisha. Grafiki hajui. Anajua kutabasamu tu.

Lakini nina siri. Mzee Waithaka wa Lavington anajenga nyumba arubaini Loresho, na anataka wanunuzi wazione kwenye kompyuta kabla msingi haujachimbwa. Nimemwandikia programu: unaingia langoni, unazunguka bustani, unapanda ngazi hadi chumba cha kulala. Nimeiandika ofisini miezi mitatu, Madam akidhani ninatengeneza tangazo la sabuni. Waithaka akiipenda, kazi ya mwaka mzima ni yangu peke yangu. Asipoipenda... lakini ataipenda.

Jumatatu, 6 Machi

Siku ya kwanza ya Kihara Grafiki. Makao makuu: sebule yetu, Mutuini. Wafanyakazi: mimi. Nilivaa tai. Mke wangu Ciru akauliza ninakwenda wapi. Nikamwambia nimeshafika, na asinisemeshe hadi saa saba. Akafagia akinizunguka.

Waithaka amepiga simu. Anataka kuiona programu Jumamosi, ofisini kwangu. Mtu asiye na ofisi hampi kazi, kwa sababu fundi wa mwisho aliyemwamini alikuwa na mkoba tu, na akaingia mitini nao. Nikasema karibu sana, mzee. Ofisi gani, sijui.

Jumatano, 8 Machi

Balaa! Leo nimeiweka programu kwenye kompyuta ya nyumbani. Nikabonyeza lango la Loresho lifunguke. Ciru akainjika chai, akaenda shambani kuchuma sukuma wiki, akarudi. Lango lilikuwa limefunguka nusu. Akauliza kama nyumba yenyewe inajengwa mle ndani.

Mashine ya ofisini ina kadi ya grafiki yenye nguvu, iliyonunuliwa kwa ajili ya matangazo ya runinga. Yangu niliinunua kuukuu, na maisha yake yote imechapa barua. Miezi mitatu sikuwahi kuijaribu programu mahali pengine. Nani angefikiria jambo kama hilo? Ciru anasema yeye angefikiria.

Nililala kitandani na viatu hadi saa kumi jioni. Kisha nikaruka. Saa ya ukutani! Bado iko kabatini. Mtu ana haki ya kufuata zawadi yake, na Jumamosi hakuna mtu ofisini ila askari wa mlangoni, Mzee Hezekiah. Neno la siri la mashine ninalo, kwa kuwa Nashon ni mvivu wa kubadilisha. Nimempa Waithaka anwani ya ajensi. Wakati mwingine ninajiogopa kwa akili.

Jumamosi, 11 Machi

Ushindi! Waithaka na mkewe walifika saa nne kamili. Hezekiah alikuwa mlangoni na kitabu chake cha wageni. Nikamvuta kando, nikamweleza kwamba nimefuata saa yangu, na hawa ni jamaa zangu waliokuja kunisaidia kuibeba.

"Saa ya ukuta inabebwa na watu watatu?" akauliza.

Nikamwambia ina kioo. Akasema sawa, lakini waandike. Kwa Hezekiah hata pasta huandika. Waithaka akajaza jina, simu na mahali anapotoka. Alipofika kwenye nafasi ya anayetembelewa akasita. Nikaichukua kalamu mwenyewe, nikaandika kwa herufi kubwa: MKURUGENZI KIHARA. Lo, ilivyopendeza! Nililitazama jina hilo hadi Hezekiah akakifunga kitabu.

Programu ikaenda bila kukwama hata mara moja. Mke wa Waithaka akapanda ngazi za Loresho mara sita, akaanza kuchagua mapazia. Waithaka akauliza kuhusu jina lililo kwenye kibao cha mlangoni. Nikasema ndilo tunalotumia mjini. Akanipa mkono: wiki ijayo tutie sahihi. Nami nikiwa na simu sikioni, ninazungumza na mtu asiyekuwepo, akanibebea saa hadi chini. Hezekiah akatufungulia mlango.

Jumatatu, 13 Machi

Madam Debra husoma kitabu cha wageni kila Jumatatu, akinywa chai. Miaka minne nimemwona akikisoma. Miaka minne! Amenipigia simu saa tatu, kwa sauti ya upole kabisa.

"Kihara, kuna client aliandika amekuja kuona director. Nimempigia, anasema ofisi yako ni smart sana. Ni gani hiyo?"

Nikasema nilifuata saa. Akasema anajua, na asante kwa mteja. Saa nane akapiga tena, akiwa Lavington kwa Waithaka. Kandarasi imetiwa sahihi kwa jina lile la kwenye kibao. Mzee amefurahi kusikia kampuni yangu ina hata meneja mwanamke. Programu iliandikwa kwa mashine ya Madam, wakati wa kazi ya Madam, kwa hiyo ni ya Madam. Nikitaka kubisha, nianze kwa kumweleza Waithaka mimi ni nani.

Nimeumia. Niliketi sebuleni na tai shingoni hadi jioni, macho ukutani, ambapo Ciru ameitundika ile saa. Hakunicheka. Aliniletea chai tu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jumatano, 29 Machi

Nimerudi kwa Madam, kibarua wa mradi wa Loresho. Msimamizi wa mradi ni Nashon. Kila jioni ninamletea ripoti, naye anaisoma akiwa ameketi kwenye kiti changu. Kwa kuwa mimi si mwajiriwa, Hezekiah ananiandikisha kila asubuhi kwenye kitabu. Anayetembelewa: Nashon. Huwa anasubiri nimalize kuandika, akilisoma jina hilo polepole.

Haidhuru. Nimepata wazo jipya, kubwa kuliko Loresho: ukumbi wa harusi kwenye kompyuta, kamati nzima izunguke kati ya meza na mahema kabla ya kukodisha hata kiti kimoja. Nimeanza kuliandika hapa hapa, Nashon akiwa kwenye chakula cha mchana. Kwenye mashine hii linakwenda vizuri ajabu. Nyumbani sijalijaribu, ya nini kupoteza muda?

Barua ya kujiuzulu iko tayari, kurasa nne. Nimeuliza, hata kibarua anaruhusiwa. Na safari hii nitawadokezea mapema kwamba saa ninayo, wanunue chupa ya chai.